Kitambi Kiondoke, Misuli Ibaki

Acha ugali Jumatatu, panda kwenye mizani Jumapili: huenda ukakuta umepungua kilo mbili au tatu. Utafurahi, na kazini hatakosekana wa kukusifu. Ila sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu zipatazo 3 za maji. Wanga ukikatwa ghafla, akiba hutumika na maji yake hutoka. Ukienda harusini Jumamosi ukala pilau kama watu wengine, kilo zinarudi kwa siku mbili, nawe unaanza kuapa kwamba mwili wako unanenepa hata kwa kunusa chakula.

Kupungua kilo hakuhitaji ufundi. Hata malaria hupunguza kilo. Kazi ni kuhakikisha kinachoondoka ni mafuta. Mtu anayekula kidogo bila kunyanyua kitu kizito hupoteza mafuta na misuli kwa pamoja, na matokeo yake tunayaona mtaani: mikono imekonda, shingo imekuwa ndefu, kitambi kipo palepale. Mwili hautunzi msuli usio na kazi. Ukitaka ubaki nao, upe mambo matatu kwa wakati mmoja: chakula kipungue kidogo tu, protini iongezeke, na misuli ibebeshwe mzigo unaozidi wiki hadi wiki. Anayeanza mazoezi kwa mara ya kwanza, au anayerudi baada ya miaka ya kukaa, anaweza hata kujenga misuli huku akipunguza mafuta. Aliyekwisha kukomaa kwenye vyuma hupata shida zaidi kuyafanya yote mawili pamoja. Mwongozo huu haumhusu sana. Unamhusu yule anayeshinda dukani au ofisini, tuseme Dar es Salaam, kisha anamalizia jioni yake kwenye foleni.

Kabla ya yote, ikiwa unatumia insulini au vidonge vya kisukari, una shinikizo la damu lisilotulia, ugonjwa wa figo au wa moyo, ama u mjamzito, anza kwa daktari wako. Ukipunguza wanga huku dozi ya kisukari ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Mwenye ugonjwa wa figo naye hapaswi kujiongezea protini kwa kusoma gazeti.

Futi ya fundi cherehani

Mizani ina nafasi yake, lakini haijui kutofautisha kilo ya mafuta na kilo ya msuli. Tafuta futi laini, ile ya mafundi cherehani. Asubuhi, umeshatoka chooni na hujala, izungushe kwenye usawa wa kitovu, toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Kiuno kinachofaa kiwe chini ya nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 170 atafute chini ya 85. Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, na uandike. Mizani nayo iwe mara moja kwa wiki, na usiifanyie maamuzi kabla ya wiki nne kupita, kwa sababu chumvi ya mlo mmoja tu, au siku za hedhi, zinaweza kuisogeza kilo nzima.

Ukiona kiuno kinashuka, kilo hazisogei, na mzigo unaonyanyua unapanda, usibadilishe chochote. Hapo ndipo watu wengi huharibu, kwa kuwa wanasubiri mizani iwapongeze.

Ugali unasingiziwa

Wakimbiaji wa Iten, kule Kenya, hula ugali karibu kila siku, na vitambi huvioni. Tofauti ni kwamba wao wanakimbia zaidi ya kilomita 100 kwa wiki. Unga wa mahindi gramu 200, kiasi ambacho mtu mzima mwenye njaa humaliza bila kugundua, una kalori zaidi ya 700. Kwa aliyeketi siku nzima hicho ni kiasi kikubwa kwa mlo mmoja. Upunguze kwa theluthi moja, usiufukuze nyumbani. Anayeufukuza mara nyingi humaliza wiki tatu, halafu huurudia kwa hasira.

Mkosaji mkubwa zaidi hukaa jikoni kwenye dumu la njano. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na haijalishi ni ya alizeti, ya mawese au ya zeituni. Nusu kikombe cha mafuta kwenye mchuzi wa familia ya watu watano ni karibu kalori 1,000, yaani kila mmoja amekula 200 kabla hajagusa nyama. Na hapo mchicha haujakaangwa, wala wali haujatiwa yake. Dawa yake ni ya kijinga kabisa: usimimine, pima kwa kijiko. Vijiko vitatu vya chakula vinatosha sufuria ya mchuzi wa familia, na watoto hawatalalamika ukiongeza nyanya na kitunguu. Chapati ni habari nyingine. Chapati moja kubwa ya kusukuma huvuka kalori 250 kwa urahisi, kwa kuwa mafuta yamo kwenye unga, kwenye mikunjo na kwenye kikaango. Ile “supu na chapati mbili” ya asubuhi, supu haina kosa lolote.

Hata hivyo, pa kuanzia ni kwenye vinywaji, kwa sababu hapo unapunguza bila kulala njaa. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na zaidi. Bia ya nusu lita ina kalori zaidi ya 200, na nani alikunywa moja? Chai tatu kwa siku zenye vijiko vitatu vya sukari kila moja ni gramu 36 za sukari. Shusha kijiko kimoja, ulimi uzoee kwa wiki moja au mbili, kisha shusha kingine. Juisi ya miwa na ya embe zisikudanganye kwa kuwa ni za asili. Embe lenyewe utalitafuna na utashiba.

Ukiondoa vinywaji vya sukari, ukapunguza mafuta nusu, na wanga theluthi, kwa kawaida umeshatoa kalori 400 au 500 kwa siku. Inatosha. Mwenye kilo 85 atafute kupungua gramu 400 hadi 850 kwa wiki, si zaidi. Anayekimbilia kilo tatu kwa wiki hulipa kwa misuli.

Protini: hesabu ya siku moja

Chukua urefu wako kwa sentimita, toa 100, kinachobaki kizidishe kwa 1.6. Mwenye sentimita 170 anapata 70 mara 1.6, yaani gramu 112 za protini kwa siku. Wengi wetu hatufiki hapo, hata kwenye nyumba zenye uwezo, kwa desturi ile ya kipande kimoja cha nyama kusindikiza mlima wa wali.

Namna ya kufika haihitaji duka la wazungu. Asubuhi mayai matatu ya kuchemsha, gramu 18, na glasi ya maziwa, 8. Mchana kipande kizuri cha samaki, gramu 150 hivi akishaiva, kinakupa 35. Maharage kikombe kimoja yaliyoiva, 15. Alasiri glasi ya mtindi usio na sukari, 8. Usiku dagaa wakavu gramu 40, sawa na konzi mbili hivi, wanakupa 24. Jumla 108, na ugali wenyewe unaongeza kidogo, kwa kuwa mahindi nayo yana protini. Umefika.

Dagaa nawasemea kwa makusudi. Wakavu, karibu gramu 60 kati ya kila 100 ni protini, pamoja na kalsiamu ya miiba yao. Ni vichache sana kati ya vyakula vinavyouzwa sokoni kwa kikopo vinavyowafikia. Wanaharibiwa na kikaango: wakizamishwa kwenye mafuta mpaka wakakauka kau, umeongeza kalori kwa wingi. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili kuondoa mchanga na chumvi, wachemshe kwa nyanya, kitunguu, pilipili hoho na ndimu, kisha tia kijiko kimoja cha mafuta mwishoni. Karanga, kwa upande mwingine, husifiwa kupita kiasi. Zina protini 25 katika gramu 100, kweli, lakini kalori zake hukaribia 570. Konzi moja ni kitafunwa; pakiti tatu ukiwa kwenye foleni ya Ubungo ni chakula cha mchana kingine.

Anayekula nje asijione hana njia. Kwa mama lishe sema wazi, “Dada, nipunguzie wali, niongezee maharage na mboga za majani.” Hutaulizwa swali, pengine utaongeza shilingi kidogo. Samaki wa kuchoma au wa mchuzi mwepesi ni bora kuliko wa kukaanga. Mishkaki ni rafiki, na chipsi zilizokaa pembeni yake ndizo mwizi. Zege, yaani chipsi mayai, lina mayai mawili mazuri yaliyozungukwa na viazi vilivyokunywa mafuta, kwa hiyo omba mayai bila viazi na kachumbari nyingi, uvumilie utani wa mkaangaji. Na kwa maoni yangu kitafunwa bora kuliko vyote barabarani ni cha yule kijana anayepita na trei: mayai ya kuchemsha, kachumbari, pilipili kwa mbali.

Wakati wa Ramadhani mpango haufi. Ugumu upo kwenye daku inayorukwa na futari inayokaangwa. Daku iwe na mayai, maharage au mtindi. Futuru kwa tende na maji, kunywa uji, kisha kaa kwenye mbaazi au samaki kabla ya kuzifikia sambusa na bajia. Nyanyua mzigo saa moja au mbili baada ya kufuturu, au baada ya tarawehe, na punguza seti. Mwezi huo kulinda ulichonacho kunatosha.

Dumu la maji

Vikundi vya mbio vya Dar es Salaam vimeamsha watu alfajiri ambao hakuna dawa iliyowahi kuwaamsha, na hilo ni jambo kubwa. Lakini fanya hesabu. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 hutumia kalori kama 400. Mbio zikiishia kwenye supu, chapati mbili na soda, kama zinavyoishia nyingi, amerudisha zote na chenji. Mbio ni za moyo na mapafu, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki. Kutembea kwa haraka kunahesabika, kwa hiyo kushuka kituo kimoja kabla ya chako asubuhi na jioni kunakufikisha mbali. Shirika hilohilo linasema pia misuli ifanyishwe kazi angalau siku mbili kwa wiki, na sehemu hii ndiyo inayosahaulika.

Huna haja ya kusubiri ada ya gym. Chukua madumu mawili ya lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo una chuma unachoweza kukiongeza kilo moja moja kwa kikombe, jambo ambalo hata gym nyingi haziwezi. Kasoro yake ni kwamba maji yasiyojaa hucheza ndani. Ukitaka mzigo uliotulia, tumia dumu la lita 5 lililojaa mchanga mkavu, ambalo hufika kilo 8 hivi, au jaza begi la mgongoni. Gym za mtaani zenye vyuma vya kopo na saruji nazo ni halali kabisa. Msuli haujui kama kilo 20 zimetoka Ulaya au kwenye saruji ya Wazo Hill. Ukienda huko, salimia, mwombe kaka mzoefu akuangalie mgongo unapoinama, na utafundishwa bure.

Fanya mara tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika 45. Miendo ni mitano. Kuchuchumaa umekumbatia dumu kifuani, mpaka mapaja yalale sawa na sakafu, visigino visinyanyuke. Pushapu; zikikushinda, shika ukingo wa meza imara au ukuta, ushuke chini kadiri wiki zinavyokwenda. Kuvuta: inama mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja umeegemea kiti, mwingine unavuta dumu hadi ubavuni, na siku ukiweza kujivuta kwenye bomba, hamia huko. Kuinua kutoka chini: madumu mawili kando ya miguu, sukuma makalio nyuma, kifua mbele, simama kwa nguvu ya mapaja na makalio, si kwa kiuno. Mwisho, kubeba: tembea hatua 40 na madumu hayo mikononi, mabega yasilegee. Huu wa mwisho unaonekana wa kitoto mpaka uufanye.

Mwendo mmoja seti tatu, kila seti mara 8 hadi 12 (kubeba ni hatua zile 40), pumzika dakika mbili katikati. Simamisha seti pale unapoona zimebaki mara moja au mbili kabla hujashindwa kabisa. Ukiacha zikiwa zimebaki kumi, umepasha tu. Ukifikisha 12 kwenye seti zote tatu bila kuharibu mtindo, siku inayofuata ongeza lita moja au mbili na urudi kwenye 8. Hii ndiyo siri yote ya kujenga msuli, na inahitaji daftari. Mtu anayenyanyua dumu lilelile mara zilezile kuanzia Januari hadi Juni atakuwa na mwili uleule wa Januari.

Dada, programu ni hiyohiyo. Hofu ya kuwa na mabega ya baunsa haina msingi, kwa sababu homoni ya testosteroni inayowakuza wanaume hivyo, mwanamke anayo kwa kiasi kidogo, mara kumi au zaidi chini ya mwanamume. Mama aliyekwisha kukoma hedhi ana sababu ya ziada ya kunyanyua, kwani mzigo huimarisha na mifupa, ambayo wakati huo huanza kupungua uimara.

Kuhusu tumbo lenyewe, hakuna zoezi linaloyeyusha mafuta ya mahali pamoja. Kulala chali na kuinuka mara 200 hukuza misuli ya tumbo chini ya mafuta, na mafuta hubaki juu yake. Mwili huchagua wenyewe pa kuanzia, na kwa wanaume wengi tumbo ndilo huwa la mwisho. Mikanda ya kubana na nailoni za kujifungia hutoa jasho, na jasho utalirudisha kwa chupa moja ya maji. Chai za kupunguza tumbo nyingi zina dawa za kuharisha. Kinachopungua kimo chooni.

Usiku, na yaliyo kwenye makopo

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha jambo ambalo kila anayefunga duka saa tano usiku angepaswa kulijua. Waliwapa watu wanene chakula cha kupunguza uzito kwa vipindi viwili. Kipindi kimoja walipewa saa 8 na nusu za kulala, kingine saa 5 na nusu. Kilo zilizopungua zilikaribiana. Lakini walipolala kidogo, mafuta yaliyoondoka yalikuwa machache zaidi, na kilichoondoka badala yake kilikuwa sehemu nyingine za mwili, misuli ikiwemo. Njaa nayo ilizidi. Tafuta saa 7. Simu ndiyo inayokula nyingi kati ya hizo, tukubaliane.

Poda nyingi za protini ni maziwa yaliyokaushwa na kuchujwa, na kopo moja hununua trei nyingi za mayai. Kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ina ushahidi mzuri wa kuongeza nguvu kwa mtu mwenye afya, ingawa bila mazoezi haina maana kubwa. Sindano za homoni ziache kabisa: huzima uzalishaji wa testosteroni wa mwili, hupunguza mbegu na kokwa za uzazi, na huumiza moyo. Vivyo hivyo deksamethasoni, dawa halali ya hospitali ambayo wengine huimeza ili wanenepe. Ikitumiwa ovyo hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, hujaza uso, na misuli unayoitafuta ndiyo inayotafunwa nayo.

Kiuno kikiganda

Utafika wakati futi itasoma namba ileile wiki tatu mfululizo. Usianze kujinyima ovyo. Kwanza chunguza Ijumaa jioni hadi Jumapili, maana wengi hufunga siku tano na kufungulia mbili. Kisha angalia kama kijiko cha mafuta bado kinapimwa, au dada wa jikoni amerudi kumimina. Kama yote yako sawa, punguza matonge mawili ya usiku, au ongeza dakika 20 za kutembea kwa siku; fanya moja tu kati ya hayo, usubiri wiki mbili. Baada ya wiki 10 au 12 za kupunguza, kula kiasi cha kushiba kwa wiki mbili, protini na mazoezi yakiendelea, halafu urudi kwenye mpango.

Kiuno kikishuka chini ya nusu ya urefu wako, acha kupunguza. Rudisha wanga pole pole, tonge moja wiki hii, jingine wiki ijayo, ukipima kila Jumatatu mpaka uone ni kiasi gani cha ugali kinakuacha palepale. Protini ibaki kwenye gramu zako zilezile, na lita ziendelee kuongezeka kwenye dumu.